Hiyo Skrini Inamwonyesha Nani?

Wasee, leo nawaletea historia. Najua historia ndiyo somo mlilolala darasani, na mimi ni yule jamaa aliyeacha kampasi mwaka wa pili, kwa hivyo sina cheti cha kumfundisha mtu yeyote. Lakini hii ilinipata kazini, asubuhi na mapema, na sijawahi kuisahau.

Ilikuwa hivi. Karo iliponishinda, nilipata kazi kwa jamaa mmoja aliyekuwa akiuza wifi mtaani kwetu, huku Eastlands. Unazijua zile: antena juu ya ghorofa, waya zinashuka hadi dirishani, unalipa kwa mwezi. Kazi yangu ilikuwa kupanda juu ya majengo, kupokea simu za "mbona mtandao umepotea?", na kuwaambia watu wazime rauta wawashe tena. Ofisini tulikuwa na TV kubwa ukutani yenye ramani ya antena zetu zote, kila moja na kiduara chake. Kijani, iko sawa. Nyekundu, imeanguka. Bosi aliipenda hiyo TV kuliko kitu kingine chochote. Mteja mpya akiingia, anaonyeshwa TV kwanza, bei baadaye.

Usiku mmoja antena kuu ikaanguka saa nane na dakika saba. Kiduara kikageuka chekundu, kikabaki hivyo mpaka nilipofungua ofisi saa moja na robo asubuhi.

Sijamaliza hata kuwasha taa, akaingia dada mmoja, mteja wetu. Kazi yake ni ya mtandaoni: anatumiwa rekodi za sauti kutoka ng'ambo, anazichapa, analipwa kwa dola. Kazi ya usiku ule ilipaswa kufika kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Haikufika, na alikuwa tayari ameonywa mara moja. Akaunti ikafungwa. Hakupiga kelele. Aliangalia TV, akaniuliza, "Hii kitu ilijua saa ngapi?"

Nikacheki. Nikamwambia ukweli: saa nane na dakika saba.

Akasema, "Sawa. Na ilikuwa inamwonyesha nani?"

Manze. Ofisi ilikuwa imefungwa, sisi sote tumelala, na TV inang'aa peke yake gizani ikisema ukweli kwa viti. Sikuwa na jibu. Nilianza kusoma ili nipate moja, na kumbe watu wamekuwa wakiulizana swali hilohilo kwa zaidi ya miaka 40.

MACHO YALIKUJA KWANZA

Ukicheza gemu na unalalamika "ping yangu iko 200", unatumia neno la mwaka 1983. Mike Muuss alikuwa akifanya kazi katika maabara ya jeshi la Marekani, Ballistic Research Laboratory, jimbo la Maryland. Desemba mwaka huo mtandao wao ukaanza kusumbua, na usiku mmoja akaandika programu fupi ya kuutafuta ugonjwa. Akaiita ping, kwa ule mlio wa sonari ya nyambizi: unatuma sauti majini, unasubiri mwangwi, unajua kuna kitu na kiko umbali gani. Programu yake ilifanya hivyo kwa kompyuta. Unatuma swali dogo, "uko?", na unahesabu muda mpaka jibu lirudi. Basi. Mpaka leo ukifungua kompyuta yoyote hiyo programu iko ndani.

Ping ilitosha kujua nani yuko hai. Kujua nani ni mgonjwa ilikuwa kitu kingine. Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha Berkeley, umbali usiofika mita 400, kasi ya mtandao ilishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Soma tena: arobaini. Umbali ambao ungeutembea kwa dakika tano huku unakula mahindi choma. Laini haikuwa imekatika. Kompyuta zilikuwa zikituma kitu, zinaona kimechelewa, zinakituma tena na tena, mpaka njia ikajaa kama Jogoo Road jioni ya mvua. Jamaa anayeitwa Van Jacobson alilichunguza tatizo hilo pamoja na mwenzake Mike Karels, na dawa waliyopata, kwamba kompyuta ipunguze mwendo ikiona foleni, ndiyo inayobeba intaneti hadi sasa. Jacobson huyohuyo ndiye aliyeandika traceroute, programu inayoonyesha kila kituo ambacho data yako inapitia.

Mwaka 1988 ikaja SNMP, lugha ya kuuliza rauta maswali: umebeba mzigo gani, umeangusha pakiti ngapi, uko macho tangu lini. Halafu 1994, chuo kikuu cha De Montfort kule Leicester, Uingereza, kulikuwa na laini moja ya kilobiti 64 kwa zaidi ya kompyuta 1,000. Laini kubwa zaidi haingepatikana kwa mwaka mzima. Mswisi mmoja aliyekuwa akifanya kazi hapo, Tobi Oetiker, akaamua kwamba kama hawezi kuwapa watu kasi, angalau awaonyeshe hali ilivyo. Akatengeneza MRTG, programu inayochora grafu ya mzigo wa laini. 1995 akaitoa bure, na ikaenea duniani. TV ya bosi wangu ni mjukuu wa ile grafu.

Kufikia hapo, macho tulikuwa nayo. Lakini kumbuka: grafu inamwonyesha aliyekuja kuangalia. Usipokuja, haikutafuti.

JAMAA WA SPIKA

Kuna kisa ambacho Muuss mwenyewe alipenda kukisimulia kabla hajafariki kwa ajali ya barabarani mwaka 2000. Msimamizi mmoja wa mtandao alikuwa na waya mbovu mahali fulani kwenye jengo, ule ubovu wa kuja na kwenda. Alichoka kukaa mbele ya skrini. Akachukua ping, akaiunganisha na programu nyingine inayotamka maneno, akaunganisha hiyo na spika za ofisini, akafungulia sauti mpaka mwisho. Kompyuta ikawa inapiga mayowe "ping! ping! ping!" kila sekunde, na yeye anazunguka jengo lote akitikisa viungio vya waya kimoja kimoja. Sauti ilipokatika, alijua ameshika ule mbovu.

Mimi huyu jamaa ndiye shujaa wangu. Hakuvumbua ping wala ile programu ya sauti. Alichukua kitu kinachoona na kitu kinachopiga kelele, vitu viwili ambavyo havikujuana, akavifunga kwa mstari mmoja wa amri. Ukweli ukaacha kukaa kwenye skrini, ukamfuata alikokuwa.

Mwaka 1999 Mmarekani Ethan Galstad akatoa NetSaint, ambayo mwaka 2002 ilibadilishwa jina kuwa Nagios. Hii ilikuwa inachunguza seva na mitandao, na ikiona shida inatuma barua pepe au ujumbe kwenye peja. Peja, kwa waliozaliwa juzi, ni kale kakifaa ka kuvaa kiunoni kabla ya simu za mkononi. Kakilia, ujue unaitwa.

Sasa shida mpya ikaja: kengele inamlilia nani? Kampuni ina wahandisi 20. Ikilia kwa wote, kila mtu anafikiri mwenzake ameamka. Ikilia kwa mmoja, na huyo mmoja yuko harusini? Amazon walikuwa na desturi kwamba anayeandika programu ndiye anayebeba peja yake, na ratiba za zamu zilikuwa maumivu ya kichwa. Mwaka 2009 wahandisi watatu waliotoka huko wakaanzisha PagerDuty. Kazi yake: inapokea kelele kutoka kwa programu yoyote ya kuchunguza, inaangalia leo ni zamu ya nani, inampigia simu. Asiposhika ndani ya dakika zilizowekwa, inampigia anayefuata. Halafu aliye juu yake. Haichoki.

WAYA WENYEWE UKO HIVI

Watu wakisikia "kuunganisha programu ya kuchunguza mtandao na jukwaa la kutunza huduma" wanafikiri ni kazi ya maprofesa. Si hivyo. Jukwaa linakupa anwani na ufunguo wa siri, yaani mfuatano mrefu wa herufi. Unaviweka kwenye programu yako ya kuchunguza. Ikiona shida, inatuma ujumbe mfupi kwenye ile anwani: ni kitu gani kimeharibika, ni kizito kiasi gani, saa ngapi. Dakika kumi na kazi imeisha.

Akili iko kwenye mambo matatu ambayo wengi huyaruka. La kwanza, kila tatizo lipewe kitambulisho kimoja, ili antena moja ikianguka na kuripotiwa mara 50, uamshwe mara moja tu. La pili, programu itume pia habari njema. Mtandao ukirudi wenyewe, kengele ijifunge, si uamke saa tisa usiku kukimbilia kitu kilichopona. La tatu ni gumu zaidi: uamue kipi kinastahili kumwamsha binadamu. Rauta kupata joto kidogo si sababu. Mteja kushindwa kutuma kazi yake ni sababu.

Hilo la tatu linatupeleka Google. Mwaka 2003 Ben Treynor alipewa timu ndogo ya wahandisi wa programu, watu saba, aendeshe huduma zao nayo. Kutokana na timu ile likaja wazo ambalo kitabu chao cha 2016 kilieneza kote: acha kuahidi asilimia 100, kwa sababu hutaitimiza. Ahidi namba ya kweli. Sema 99.9. Hiyo ina maana una ruhusa ya kuanguka dakika 43 tu kwa mwezi wa siku 30. Hizo dakika ni bajeti yako. Zikiisha, unaacha kuleta mambo mapya na unarekebisha yaliyopo.

Siku hizi kuna majukwaa ya kazi hiyo. ThousandEyes, kwa mfano, ambayo ilianzishwa 2010 na kununuliwa na Cisco 2020, hupima mtandao kutoka sehemu nyingi duniani, pale ambapo mteja yuko. Vipimo vyake unaweza kuvipeleka kwenye jukwaa kama Nobl9, linalohesabu bajeti imebaki kiasi gani na kupiga kelele ikiwa inaliwa haraka. Hapo jicho limefungwa na ahadi. Skrini haisemi tena "antena imeanguka" tu. Inasema "umevunja neno lako kwa kiasi hiki".

SIKU KENGELE ILIPOKUFA PIA

Lakini kuna kosa moja la kuunganisha ambalo hata wakubwa walilifanya. Jumatatu, 4 Oktoba 2021, hapa kwetu ilikuwa yapata saa kumi na mbili na dakika 40 jioni. Unakumbuka ulikuwa wapi? WhatsApp, Facebook na Instagram zote zilizima, kwa takriban masaa sita. Mimi nilizima simu nikawasha mara nne nikidhani bando limeisha.

Facebook wenyewe walieleza. Katika matengenezo ya kawaida, amri moja ilitolewa kupima uwezo wa mtandao wao wa ndani, na ikaukata wote. Kulikuwa na programu ya kukagua amri kama hizo, lakini nayo ilikuwa na hitilafu, haikuizuia. Seva zao za majina zilipoona haziwezi kufikia vituo vya data, zikajiondoa kwenye intaneti. Dunia ikawa haijui Facebook iko wapi. Na hapa ndipo penye uchungu: vifaa vya ndani ambavyo wahandisi wangetumia kutengeneza vilitegemea mtandao uleule uliokufa. Ikabidi watu watumwe kwa miguu yao hadi kwenye vituo, ambako ulinzi umewekwa kuzuia watu kuingia haraka.

Fikiria umenunua kengele ya moto, halafu nyaya zake umezipitisha ndani ya jiko.

Na sisi Wakenya tunajua maana ya njia moja. Kabla ya 2009 intaneti yetu ilitegemea setilaiti. Mwaka huo nyaya za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa, na 2010 EASSy, na tukasherehekea. Februari 2012 nanga ya meli ikaikata TEAMS karibu na bandari ya Mombasa. Jumapili ya 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zikakatika kusini, karibu na Afrika Kusini, na mtandao ukawa unatambaa hapa, Tanzania na kwingineko. Vipimo vilikuwepo. Watu wanaopima intaneti kutoka nje walikuwa wakionyesha grafu imeporomoka. Wewe uliambiwa na nani? Mimi sikupata hata meseji moja kutoka kwa ninayemlipa. Niliambiwa na majirani kwenye ngazi.

KUREKEBISHA KWETU

Baada ya yule dada, nilikaa wiki moja usiku nikisoma haya yote, halafu nikajaribu. Hatukuwa na pesa ya majukwaa ya dola, kwa hivyo nikatengeneza boti ya Telegram, nikaifunga na ile programu ya TV. Usiku wa kwanza nilipata meseji zaidi ya 60. Antena ya mbali ilikuwa ikipepesuka na upepo. Saa tisa nikaweka simu kimya, nikalala. Yaani nilichukua TV ya bosi nikaileta chini ya mto wangu, na bado hakuna aliyeangalia.

Nikarudi kwa yale mambo matatu. Boti isiseme mpaka ikose jibu mara tatu mfululizo. Tatizo moja, meseji moja. Na iseme tu kama kuna wateja waliokatika.

Halafu nikaona kosa lingine nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Kompyuta iliyokuwa inatuma hizo meseji ilitumia antena kuu ileile. Siku antena kuu ikianguka, meseji ya kusema imeanguka haingetoka. Facebook ya Eastlands! Nikatafuta modemu ya zamani ya kuweka laini ya simu, kengele ikapata njia yake.

Kilichobaki hakikuwa cha kompyuta. Nani ataamka? Bosi akasema, "Si wewe ndiye umeileta?" Nikamwambia mimi mmoja siwezi kuwa zamu usiku 30 kwa mwezi. Nikatoa kalamu. Bango letu lilikuwa linasema mtandao wa uhakika masaa 24. Usiku ule mmoja tulipotea dakika 308. Hata kama tungeahidi 99.9 tu, usiku mmoja ulikula bajeti ya miezi saba. Akanyamaza. Kilichomgusa si hesabu, nadhani, ni kwamba nyumba nane za ghorofa ya yule dada zilikuwa zimehamia kwa mshindani. Akakubali: mimi na mwenzangu tubadilishane wiki, shilingi 300 kwa kila usiku wa zamu, ushike simu au isilie.

Hapo ndipo naweka maoni yangu, na mtu akitaka kubishana karibu. Tunapenda skrini. Kaunti inazindua chumba cha kamera, shule inanunua mfumo, wanasiasa wanapiga picha mbele ya ukuta wa TV. Macho yananunuliwa mara moja na yanapendeza kwenye picha. Mtu wa zamu analipwa kila usiku na hakuna anayempiga picha amelala na simu kifuani. Kwa hivyo tunanunua jicho na tunaacha kununua usingizi wa mtu. Halafu mambo yakiharibika tunasema "mfumo ulikuwa chini", kana kwamba mfumo ni mvua.

Yule dada hakurudishiwa akaunti yake. Alianza upya kwingine, kwa malipo ya chini. Hatujawahi kumrudisha kama mteja pia, na simlaumu. Tunakutana steji, ananisalimia vizuri, na kila mara nakumbuka ile TV.

Siku utakapoonyeshwa skrini kubwa, popote pale, muulize mwenyewe swali lake. Akikujibu "inatuonyesha sisi", usiridhike. Uliza jina la aliye zamu leo saa nane usiku, na kama analipwa.